Jiwe Lililompata Mzee Nashon

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Selpher alichota madebe mawili ya maji. La kwanza lilikuwa la chai na la kunawia uso. La pili mama yake alilifunika na kuliweka pembeni mpaka jioni. Upande ule wote wa Kangemi ulikuwa na mfereji mmoja tu wa maji ya bomba, chini ya mteremko, kando ya njia ya ng'ombe wanaokwenda mtoni. Tope la pale lilikuwa limechanganyika na samadi, mvua inyeshe isinyeshe. Watu walipanga madebe yao kwenye foleni tangu alfajiri, kisha wakaenda kukaa kwenye ukuta mfupi na kupiga soga.

Ulikuwa mwaka wa 1958. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa, ingawa milio ya bunduki haikusikika tena kila wiki. Wakikuyu, ambao ardhi ile ilikuwa yao, walikuwa wamechomewa nyumba, wamesakwa na kufungwa, na wengine walikuwa hawajarudi. Wapangaji kutoka Nyanza, kama akina Selpher, walikuwa wamekuja kutafuta kazi katika machimbo ya mawe na katika nyumba za Wazungu kule Westlands. Baba yake Selpher, Zadock, alikuwa mpishi huko. Mwenye nyumba waliyopanga alikuwa Mungai, na binti yake Mungai, Njambi, aliketi dawati moja na Selpher darasani.

Asubuhi hiyo Selpher aliporudi kutoka ukutani, alikuta debe lake limesogezwa nyuma ya debe la Njambi.

"Nani amegusa debe langu?"

"Debe lako lilikuwa limelala," Njambi alijibu. "Maji hayangoji wenye usingizi."

Wasichana wakacheka. Siku nyingine Selpher angecheka nao.

"Lirudishe."

"Rudi wewe! Rudi ziwani kwenu ukachote. Si mnajisifu kwamba huko maji hayaishi?"

"Mfereji huu ni wa serikali, si wa baba yako!"

Njambi alimsukuma. Selpher alimpiga kofi. Debe lilianguka na maji yakamwagika, na kabla mtu hajasema neno walikuwa wameshikana nywele. Muchiri, kaka yake Njambi, kijana wa miaka kumi na sita, alikuja mbio akamkamata Selpher ukosi wa gauni na kumtupa kwenye tope. Mvulana mmoja wa Kijaluo alipoona hivyo, alimpiga Muchiri mgongoni kwa ufagio. Basi ikawa vita. Madebe yalirushwa, fimbo zikavunjika, na mtoto mmoja alitema jino lenye damu. Matusi ya makabila mawili yalipaa juu ya mfereji uliokuwa ukiendelea kumwaga maji bure.

Selpher aliinuka na tope kinywani. Mkono wake uligusa jiwe lililozama nusu kwenye samadi, kubwa kama ngumi. Akalichomoa. Alimwona Muchiri, akalirusha kwa nguvu zake zote.

Muchiri aliinama. Nyuma yake, mtu mrefu aliyekuwa akiteremka mbio huku ameinua mikono juu alisimama ghafla, kama aliyeitwa. Kisha akapiga goti moja. Damu ilimtiririka juu ya jicho la kushoto.

Alikuwa Mzee Nashon Odero.

Kelele zote zilikatika. Hakuna mtu wa Nyanza pale Kangemi ambaye hakumwita Jaduong', yaani mzee wetu mkubwa. Alikuwa nyapara katika machimbo, mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa chama cha watu wa kwao. Mtu akifiwa, Nashon ndiye aliyekwenda kutafuta jeneza. Watu wakigombana, Nashon ndiye aliyesimama katikati. Hata Wakikuyu walimheshimu. Miaka minne nyuma, wakati wa msako mkubwa, Mungai alipochukuliwa na askari, Nashon alikwenda kambini kwa miguu mara tatu kusema, "Siku mnayoitaja, mtu huyu alikuwa akipasua mawe pamoja nami." Mara ya kwanza alifukuzwa. Mara ya pili alipigwa kitako cha bunduki. Mara ya tatu wakamsikiliza, na Mungai akaachiwa.

"Ni Muchiri!" mtu alipiga kelele. "Muchiri amempiga Jaduong'!"

Ni kweli kwamba Muchiri alikuwa na kipande cha tofali mkononi. Alikiangusha, akatikisa kichwa. "Si mimi. Haki ya Mungu, si mimi."

Mzee Nashon alijifunga kitambaa kichwani. Aliwatazama watoto mmoja mmoja. Selpher alihisi macho yale yamemfikia, yakakaa kidogo, kisha yakapita.

"Sikuona aliyerusha," Mzee alisema. "Aliyerusha anajijua. Chukueni madebe yenu. Wa kwanza awe yule mdogo kuliko wote, na mkipigana tena nitaufunga mfereji huu mnywe umande."

Baadhi yao walicheka. Selpher hakucheka. Alijiambia kwamba angekwenda kwake jioni kuungama. Jioni ilipofika, akasema kesho.

Siku ya nane, Mzee Nashon aliamka akiwa hawezi kufungua kinywa. Kufikia adhuhuri shingo ilikuwa imekaza na mgongo umejipinda kama upinde. Walimpeleka hospitali kubwa ya mjini, na daktari akasema ni pepopunda, ugonjwa unaoingia kwa kidonda kichafu. Siku ya tatu hospitalini akafariki.

Walimzika Jumamosi katika makaburi ya jiji, kwa sababu vibali vya kumsafirisha hadi kwao havikupatikana upesi. Watu walikuwa wengi mno. Mungai alikuja na kofia mkononi, akasimama mbali, na alipotaka kutupa konzi ya udongo kaburini, Tobias alimzuia kwa kifua. Tobias alikuwa mpwa wa marehemu, kijana mwenye mabega mapana aliyevunja mawe tangu utotoni.

"Daktari amesema pepopunda," Tobias aliwaambia wenzake njiani, na hakupunguza sauti. "Sawa. Pepopunda iliingilia wapi kama si pale jiwe lilipompasua? Na jiwe lilitoka mkononi mwa nani?"

Selpher alikuwa hatua mbili nyuma yao. Alipunguza mwendo mpaka wakamwacha mbali.

Siku iliyofuata, Jumapili alasiri, vijana walitaka kufanya tero buru. Hiyo ni desturi ya Wajaluo mwanamume anayeheshimiwa anapofariki. Wanaume hujipaka majivu usoni, hushika marungu na fimbo, humtanguliza fahali, na hukimbia kwa kelele za vita hadi mpakani, wakipigana na kifo na kukifukuza kiende mbali na boma. Ni vita vya kuigiza, lakini mtu asiyeijua desturi hawezi kutambua hilo akiwaona.

Zadock hakutaka. "Nashon alikuwa mzee wa kanisa," alisema. "Tena hapa si kwetu. Hapa watu bado wakisikia mbio za miguu wanajificha chini ya kitanda."

"Alikuwa mzee wa kanisa, ndiyo, na alikuwa mwanamume," Tobias alijibu. "Tumwache aende kama kuku?"

Wote walimgeukia mjane, Phoebe, ambaye watu walimwita Mama Peres. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yamevimba.

"Nendeni mtoni, mrudi," alisema mwishowe. "Njia ya ng'ombe tu. Msipite kwa mtu."

Fahali aliazimwa kwa mchinjaji mmoja wa Kawangware. Selpher alitumwa apeleke majivu kwenye karai, na alipokuwa akiyamimina aliwasikia vijana waliokuwa wakifunga kamba kwenye pembe.

"Tukifika kwenye mtaro tunakata kushoto," Tobias alisema.

"Lakini Mama amesema mtoni, omera, ndugu yangu."

"Kifo hakikai mtoni. Kinakaa kwenye lile boma lenye mabati mapya. Leo Muchiri ataimba jinsi alivyorusha."

Selpher alilitua karai chini. Alikwenda kwa baba yake, aliyekuwa akiwagawia wageni chai. "Baba," alianza.

"Baadaye, mama. Huoni watu hawa?"

Alibaki amesimama. Sentensi aliyotaka kuisema ilikuwa fupi, lakini ilianza na neno "mimi," na neno hilo lilikataa kutoka. Watu wote hawa waliokuwa wakilia wangegeuka kumtazama. Baba yake angetembea vipi kanisani? Filimbi ikalia. Fahali akaruka. Wanaume zaidi ya arobaini, nyuso zao nyeupe kwa majivu, waliteremka mbio huku wakipiga ngao za mabati na kunguruma.

Desturi ilimtaka msichana abaki na wanawake. Selpher aliwafuata wanaume mbio.

Kwenye mtaro fahali alielekezwa kushoto. Mwanamke mmoja wa Kikuyu aliyekuwa akichuma mboga aliinua kichwa, akaona nyuso nyeupe na marungu, akapiga ukemi wa kuomba msaada. Katika mji ule ukemi haukuhitaji maelezo. Milango ilifungwa kwa kishindo, watoto wakasukumwa chini ya vitanda, na wanaume wakatoka nyuma ya nyumba na mapanga waliyokuwa wameyaficha tangu miaka mibaya.

Muchiri alikuwa akijaribu kufunga lango la baba yake. Hakuwahi. Lango lilimwangukia, na rungu la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata kichwani. Alianguka kifudifudi, na mateke yakaanza.

"Sema! Sema ulivyorusha!"

"Si mimi!" Muchiri alilia. "Si mimi!"

"Ongeza!"

Selpher alipenya kati ya miguu na migongo. Alipiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi!" lakini sauti yake ilizama katika mlio wa filimbi na mngurumo wa fahali aliyekuwa akikanyaga mahindi ya Mungai. Alimwona Tobias akiinua rungu tena. Alimwona Muchiri amejikunja, mikono kichwani, vidole vimepasuka. Hakufikiri. Alijitupa juu yake na kuinua mkono.

Rungu lilitua kwenye mkono ule. Mfupa ulitoa mlio kama kijiti kikavu.

Ukelele wake ulikuwa mkali hata wanaume wa mbele wakarudi nyuma. "Ni binti ya Zadock," mtu alisema. "Tobias, umempiga mtoto wetu!"

"Anafanya nini hapa?" Tobias alikuwa akihema. "Ondoka, Selpher! Unamkinga muuaji wa Jaduong'?"

"Jiwe lilikuwa langu," Selpher alisema.

"Unasema nini?"

"Mimi ndiye niliyerusha. Nilimlenga Muchiri, akainama. Likampata Jaduong'." Alikuwa akilia, lakini safari hii maneno hayakukataa. "Muchiri alisema kweli tangu siku ile. Mimi nilinyamaza."

Hakuna aliyesogea. Tobias alilitazama rungu lake kana kwamba mtu mwingine alikuwa amemshikisha. Kisha uso wake ukabadilika, na kwa nukta moja Selpher aliamini kwamba rungu lingemshukia yeye.

Lakini wakati huo huo Mungai alikuwa amefika. Alimwona mwanawe kwenye damu. Hakuuliza kitu. Alikuja moja kwa moja kwa Tobias na panga juu ya bega, na nyuma yake walikuja wanaume kumi, kumi na watano. Wenye majivu wakainua marungu. Zadock alifika mbio kutoka upande wa pili, akamfunika binti yake kwa mwili wake, akapiga kelele watu wasimame. Hakuna aliyemsikia.

"Mungai!"

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya Mama Peres. Alikuwa amewafuata kwa miguu, polepole, akishikwa mkono na mamake Selpher, na umati ukampisha kwa sababu mjane hasukumwi. Alisimama kati ya panga na rungu, mahali pale pale ambapo mume wake angesimama.

"Mungai, mume wangu alikusemea mara tatu. Mimi nakuomba mara moja. Ngoja."

Panga lilisimama hewani. Mungai alikuwa akilia bila kujua. "Mwanangu, Mama Peres. Tazama walivyomfanya mwanangu."

"Ninamtazama." Aliwageukia vijana. "Na nyinyi? Mlisema mnakwenda kufukuza kifo. Haya. Kifo ndicho hiki, kimekaa juu ya kichwa cha kijana huyu, na kidonda chake kimejaa mavi ya ng'ombe kama kile cha Nashon. Mnangoja nini? Kifukuzeni!"

Tobias hakuelewa mara moja.

"Nilimwambia Nashon aende zahanati aoshwe kidonda, adungwe sindano," Mama Peres aliendelea. "Akacheka. Akasema mpasua mawe haendi kwa daktari kwa mkwaruzo. Na mimi nikaacha, nikampaka masizi. Wote tuliona kidonda kile kwa siku nane. Kuna mmoja wenu aliyemshika mkono akampeleka? Leo mnataka kuua mtu kwa ajili yake. Beba kijana huyu, Tobias! Hospitalini, sasa hivi!"

Rungu lilianguka. Tobias alipiga magoti, akamwinua Muchiri mikononi kama mtoto mchanga. Mtu wa Mungai alileta mkokoteni. Wenye majivu na wenye panga waliusukuma pamoja kupanda mteremko, wakitukanana njia nzima lakini bila kuuachia, hadi kwenye barabara kuu ya kwenda Nakuru. Huko walilisimamisha lori la mawe. Dereva wake, Kaloki, alitoa kichwa dirishani akaona nyuso nyeupe, damu na mapanga.

"Mnaniteka au mnapanda?" aliuliza.

"Tunapanda," alisema Mungai.

Lori liliteremka Westlands, likapita maduka yaliyofungwa kwa Jumapili, likaingia mjini. Hospitalini daktari alimshona Muchiri nyuzi kumi na nane kichwani, akasafisha kila kidonda na kumdunga sindano ya kuzuia pepopunda. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Angepona, alisema, kwa sababu ameletwa upesi. Mkono wa Selpher ulifungwa plasta nyeupe kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Tobias hakungoja kuitwa. Askari wa zamu alipouliza nani amefanya haya, alisimama na majivu yake usoni, akasema, "Mimi," akaenda naye.

Selpher alibaki kwenye benchi la varanda, kando ya Mama Peres. Ndani, Muchiri alisikika akimwambia muuguzi asimvute nywele.

"Mama," Selpher aliuliza, "mimi ndiye niliyemuua Jaduong'?"

Mama Peres alimgeukia. Hakuwa mtu wa maneno ya kufarijia tu.

"Jiwe ulilirusha wewe," alisema. "Hilo ni lako, nyathina, mwanangu, wala sitakudanganya kwamba si lako. Uchafu wa kidonda ulikuwa wa sisi sote. Nashon alikuwa na sehemu yake, na mimi nina yangu. Hatuwezi kuigawa kwa mizani."

"Aliniona. Siku ile. Nadhani aliniona."

"Huenda. Hakuniambia. Kama alikuona, basi alikuwa anakungoja uje mwenyewe. Alikuwa na subira ya kuudhi, mume wangu." Akafuta macho kwa pindo la leso. "Kumrushia mtu jiwe ukiwa na hasira ni kosa la dakika moja. Kunyamaza kwako kulikuwa kosa la siku kumi na mbili, na kila siku kosa hilo lilikua, mpaka leo likataka kumla mtoto wa watu. Unaelewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Sikiliza tena. Watu watamkumbuka Nashon kwa njia nyingi. Wengine watamtengenezea wimbo, wengine watampigia filimbi. Lakini marehemu hawezi kuinuka akasema, 'Sivyo ilivyokuwa.' Waliobaki ndio wanaomsemea. Anayejua ukweli akinyamaza, mwenye uongo ndiye anayepata nafasi ya kusema. Leo ulisema. Ulichelewa, lakini ulisema, na Muchiri yu hai. Hivyo ndivyo ningependa Nashon akumbukwe."

Selpher aliitikia kwa kichwa. Machozi yalidondoka juu ya plasta mbichi.

Mwisho wa varanda, peke yake kwenye benchi jingine, Mungai alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Damu ya mwanawe ilikuwa imekaukia kwenye shati lake. Selpher alimtazama kwa muda, kisha akamtazama Mama Peres.

"Kwa huyo siwezi kukusaidia," Mama Peres alisema kwa upole. "Huyo lazima umwendee mwenyewe."

Selpher aliinuka. Varanda ilionekana ndefu kuliko njia yote ya kutoka Kangemi. Alipofika alisimama mbele ya yule mzee, na safari hii hakungoja jioni wala kesho.

"Baba Muchiri," alisema, "mimi ndiye niliyerusha lile jiwe, na nikamwacha mwanao abebe lawama. Nisamehe."

Mungai aliinua macho. Aliutazama uso wa msichana, kisha mkono uliofungwa plasta, mkono uliopokea rungu lililokuwa likishuka juu ya mtoto wake. Kisha alisogea pembeni kwenye benchi, polepole, mpaka nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

Selpher akaketi.